Herufi zimegeuka madude kwenye faili za msimbo: zimepotea au zitarudi?

Swali: *Nimekabidhiwa mradi wenye faili kama mia mbili za msimbo, ulioandikwa kwa miaka mingi na watu wa lugha mbalimbali. Komenti na ujumbe unaoonyeshwa kwa mtumiaji ni mchanganyiko wa Kifaransa, Kirusi, Kijapani na Kiswahili. Baadhi ya faili zinaonyesha vitu kama Ã© na â€™, nyingine zina alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Nilibadilisha fonti, haikusaidia. Nikaweka kihariri kwenye UTF-8, nikahifadhi zote upya na kuzituma. Sasa mwenzangu anasema faili zilizokuwa sawa kwake zimeharibika, na faili moja ya C yenye komenti za Kijapani inaruka mstari bila kosa lolote kutokea. Maneno yamepotea kabisa? Na nifanyeje nisirudi hapa tena?*

Pole kwa hilo. Kabla ya maelezo yoyote naomba ufanye jambo moja: usihifadhi tena faili yoyote ya mradi huo. Funga kihariri, na kikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, kataa. Kisha nakili folda nzima jinsi ilivyo sasa, na ubovu wake wote, uiweke pembeni. Tutaihitaji.

Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba inategemea faili umeikuta na dalili ipi. Penye Ã© na â€™, karibu kila kitu kinarudishika kwa amri moja. Penye alama ya almasi, �, iliyokwisha kuhifadhiwa, herufi ya asili haimo tena ndani ya faili hiyo na itabidi itoke kwenye nakala ya zamani. Dalili hizi mbili hutokana na makosa mawili yaliyo kinyume, na ukizielewa utajua kila faili uishike vipi.

Fonti tuiweke kando kwanza, maana wengi huanzia hapo na kupoteza siku nzima. Fonti ikikosa umbo la herufi utaona kisanduku kitupu. Ukiona herufi nyingine kamili, kama Ã na ©, fonti inafanya kazi yake vizuri kabisa: inachora ilichoambiwa ichore. Kosa limetokea kabla ya kuchora.

Faili ya msimbo ni mfululizo wa baiti, yaani namba kutoka 0 hadi 255, basi. Hakuna mahali ndani yake palipoandikwa "mimi ni UTF-8" au "mimi ni Windows-1251". Jedwali linalosema namba hii ni herufi ile ndilo tunaloliita usimbaji, UTF-8 na Windows-1251 zikiwa mifano yake, na jedwali hilo linakaa kichwani mwa programu inayofungua faili. Programu inakisia, au inatumia lile iliyowekewa. Kwa hiyo ulipoweka kihariri kwenye UTF-8 hukuzibadilisha faili zako kuwa UTF-8. Ulikiambia kihariri kiamini kwamba tayari ni UTF-8, na zile ambazo hazikuwa hivyo zikasomwa vibaya. Kusoma vibaya peke yake hakudhuru kitu, kwani baiti kwenye diski ziko vilevile. Madhara yalitokea ulipohifadhi.

Tuitazame é moja kwa karibu. Katika Windows-1252, na pia ISO 8859-1, majedwali ya zamani ya lugha za Ulaya Magharibi, ni baiti moja: E9 kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. Katika UTF-8 ni baiti mbili: C3 A9. Chukua faili ya UTF-8 uifungue kwa jedwali la Windows-1252. Jedwali hilo halijui habari ya jozi, linasoma baiti moja moja: C3 ni Ã, A9 ni ©. Hiyo ndiyo Ã© yako. Hakuna kilichopotea hapo, baiti zote mbili zipo.

Sasa geuza. Chukua faili ya Windows-1252 uifungue kama UTF-8. Baiti E9, kwa kanuni za UTF-8, hutangaza kwamba herufi hii ina baiti tatu na kwamba mbili zinafuata, kila moja ikianza na biti 10. Katika neno *déjà* baada ya E9 inakuja 6A, ambayo ni j ya kawaida. Mfuatano umevunjika, programu haiwezi kuendelea, inaweka �. Mwishoni à nayo, baiti E0, inakosa wenzake, inakuwa �. Unaona *d�j�*. Mpaka hapo bado uko salama. Lakini � ni herufi halali yenye namba yake, U+FFFD, na ukihifadhi, vihariri vingi vitaiandika kwenye diski kama EF BF BD. E9 imefutwa, E0 imefutwa, na badala ya zote mbili kuna baiti tatu zilezile. Ndiyo maana hakuna chombo kitakachokurudishia é huku kikijua kwamba ile nyingine ilikuwa à. Ukiona *ï¿½* mahali fulani, ni hizo EF BF BD zikisomwa tena kwa Windows-1252: kosa juu ya kosa.

Huenda umejiuliza kwa nini programu yenyewe iliendelea kukimbia muda wote huu. ASCII, jedwali la msingi la mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, na karibu majedwali yote yaliyofuata yaliziacha nafasi hizo kama zilivyo. Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8 mwaka 1992 walihakikisha hilo kwa makusudi, kwa hiyo faili ya ASCII tupu tayari ni UTF-8 halali. Maneno ya lugha ya programu, mabano na namba vyote viko ndani ya 128 hizo. Kinachoumia ni komenti na maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu.

Kiswahili nacho karibu chote kinaenea ndani ya ASCII, isipokuwa mahali pamoja ambapo watu hawapashuku: ritifaa ya *ng'ombe* na *ng'oa*. Ukiiandika kwenye kihariri cha msimbo ni baiti 27, haina shida. Ukinakili sentensi kutoka programu ya kuandikia barua, ritifaa imeshapindwa kuwa ’, ambayo kwa UTF-8 ni E2 80 99. Zisome kwa Windows-1252: â, €, ™. Ukikuta *ngâ€™ombe* kwenye skrini ya mtumiaji, imetoka huko. Ndani ya msimbo tumia ritifaa nyoofu, na neno lizungushie alama mbili za kunukuu, "ng'ombe", la sivyo ritifaa itafunga neno katikati.

Kirusi kina ugumu wake, na hapa lazima niseme wazi kwamba mashine haitakuokoa peke yake. Windows-1251 na KOI8-R ni majedwali ya baiti mojamoja na karibu kila baiti ina herufi yake, kwa hiyo hakuna kinachoshindikana kusomwa na hakuna � itakayokuonya. *Привет* iliyoandikwa kwa Windows-1251 ukiifungua kwa Windows-1252 ni *Ïðèâåò*. Ukiifungua kwa KOI8-R ni *оПХБЕР*: herufi za Kirusi kweli, lakini neno halipo, na kubwa na ndogo zimebadilishana nafasi. Anayesoma Kirusi atagundua kwa sekunde moja.

Faili yako ya C ndiyo inayoeleza mambo vizuri kuliko zote. Katika Shift_JIS, jedwali la zamani la Kijapani, herufi nyingi ni baiti mbili, na baiti ya pili yaweza kuangukia ndani ya zile 128 za ASCII. Herufi 表 ni 95 5C, ソ ni 83 5C, 能 ni 94 5C. Hiyo 5C kwa ASCII ni mkwaju wa nyuma, \. Mwenzako bila shaka alikuwa na kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu) iliyowekwa kusoma Shift_JIS, ikajua kwamba 95 na 5C ni kitu kimoja. Wewe ulifungua kama UTF-8: 95 haiwezi kuanza herufi, ikawa �, 5C ni ASCII halali, ikabaki. Ukahifadhi. Kama komenti iliishia na 表, sasa inaishia hivi:

`// ... �\`

Na katika C, mkwaju wa nyuma mwishoni mwa mstari huunganisha mstari unaofuata na huu. Mstari wako wa msimbo umemezwa na komenti. Kompaila haioni kosa lolote kwa sababu, kwa kanuni za C, halipo. Kompaili kwa GCC, mojawapo ya kompaila za C, ukiwa umewasha `-Wall` na itakuonya kuhusu komenti ya mistari mingi. Fanya hivyo kwa mradi mzima leo hii, maana faili hiyo moja uliigundua kwa bahati.

Sasa matengenezo. Usianze kwa kurekebisha faili mbovu, anza kwa kutafuta nzima. `git log --oneline -- njia/faili.c` ya Git, programu inayotunza historia ya mradi, itakuonyesha komiti (hatua zilizohifadhiwa) za faili hiyo. Chukua ile iliyotangulia yako, kisha:

`git restore --source=KOMITI -- njia/faili.c`

Njia hii hurudisha baiti zilezile. Epuka `git show ... > faili` kwenye PowerShell 5.1, kwa sababu alama ya `>` huko huandika UTF-16 na utakuwa umejiongezea jedwali jingine. Mabadiliko mengine uliyofanya ndani ya faili hizo utayachukua baadaye kutoka ile nakala uliyoweka pembeni.

Ukishapata faili za asili, zigawe mafungu. Kipimo cha kwanza ni hiki, kwenye terminali ya Linux, Mac au Git Bash, kama majina ya faili hayana nafasi:

`for f in $(git ls-files '*.c' '*.h'); do iconv -f UTF-8 -t UTF-8 "$f" > /dev/null 2>&1 || echo "$f"; done`

Faili itakayotajwa si UTF-8 halali, na jedwali lake ni la zamani. Ambayo haikutajwa ni UTF-8 au ASCII tupu, na unaweza kuamini hivyo, kwa sababu maandishi marefu ya jedwali jingine hufuata kanuni za UTF-8 kwa nadra sana. Ila halali haina maana ya nzima. Faili iliyowahi kuhifadhiwa huku ikionyesha Ã© ni UTF-8 halali yenye madude ndani. Zitafute hivi:

`grep -rnE 'Ã|â€|ï¿½|�|Ð|Ñ' .`

Soma kila jibu kwa macho, kwani Ã ni herufi ya kweli ya Kireno na Ñ ni ya Kihispania. Amri ya `file --mime-encoding` nayo inasaidia kidogo, lakini isikuamulie kati ya Windows-1251 na Windows-1252.

Kwa zile zilizotajwa na kipimo cha kwanza, jaribu jedwali moja moja mpaka maneno yasomeke. Katika VS Code bofya neno "UTF-8" kulia chini, chagua "Reopen with Encoding", kisha jedwali unalolishuku. Hiyo inasoma upya tu, haigusi diski. Yakisomeka sawasawa, bofya tena palepale uchague "Save with Encoding" na UTF-8. Tofauti ya chaguo hizi mbili ndiyo iliyokuumiza, hivyo taja kimoyomoyo unachobofya. Katika Vim ni `:e ++enc=cp1251`, ukisoma na kuridhika `:set fileencoding=utf-8`, kisha `:w`. Ukishajua kwamba folda nzima ni ya jedwali moja, fanya kwa amri:

`iconv -f CP932 -t UTF-8 a.c > a.c.mpya`

CP932 ni Shift_JIS ya Windows, na ndiyo utakayoihitaji mara nyingi. Usielekeze matokeo kwenye faili ileile, kwani terminali huimwaga kabla `iconv` haijaisoma, na utabaki na faili ya baiti sifuri.

Zile zenye madude yaliyohifadhiwa hurudi kinyumenyume. Ile ’ ya baiti tatu, iliposomwa kama â€™ na kuhifadhiwa kwa UTF-8, ikawa baiti nane: C3 A2 E2 82 AC E2 84 A2. Amri hii inazirudisha kuwa E2 80 99:

`iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.txt > nzuri.txt`

Matokeo yake, licha ya jina lililo kwenye amri, ni UTF-8 safi. Ikigoma, mara nyingi faili ni mchanganyiko, mistari mingine mizima na mingine mibovu. Irekebishe mistari hiyo peke yake. Sababu nyingine ni kwamba Windows-1252 ina nafasi tano tupu, 81, 8D, 8F, 90 na 9D, na baadhi ya herufi huangukia humo: alama ya kufunga nukuu ”, na kwa Kirusi А, Н na с. Maktaba ya Python iitwayo ftfy hushughulikia nyingi ya hali hizi, nami naipenda, lakini iendeshe kwa faili moja na utazame tofauti kabla ya kukubali.

Je, ubadilishe mradi wote kuwa UTF-8? Maoni yangu ni ndiyo, kwa komiti moja isiyo na badiliko lingine lolote ndani yake, mkiwa mmekubaliana na mwenzako siku na saa. Ila kuna gharama ambayo watu huisahau. Ukibadilisha faili, unabadilisha pia baiti za maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, na hayo ni sehemu ya programu. *déjà* ilikuwa baiti 4, sasa ni 6. Penye nafasi ya C ya baiti 5, `strcpy`, amri ya C ya kunakili maneno, itamwagikia nje. Pale ambapo programu hupeleka neno hilo kwenye hifadhidata au kifaa kinachongoja E9, sasa kitapokea C3 A9. Kabla ya kubadilisha, tafuta kila neno lisilo la ASCII linalotoka nje ya programu. Ikibidi, GCC inakubali `-fexec-charset=CP1252`, ambayo huacha chanzo kiwe UTF-8 na kuandika maneno kwa jedwali la zamani ndani ya programu iliyokompailiwa.

Kompaila nazo ziambiwe. GCC huchukulia UTF-8. Kompaila ya Microsoft, faili isipokuwa na alama ya mwanzo, hutumia jedwali la mfumo, kwa hiyo iwekee `/utf-8`. `javac` ya kabla ya JDK 18 ipe `-encoding UTF-8`, na faili za `.properties` za kabla ya Java 9 ziache kwa mtindo wa `\u00e9`. Python 3 husoma chanzo kama UTF-8, lakini `open()` kwenye Windows hufuata jedwali la mfumo, basi andika `encoding="utf-8"` kila mara. Mstari wa juu unaosema `# -*- coding: cp1251 -*-` haubadilishi baiti za faili, ni tangazo tu. Ukishaigeuza faili na kuuacha mstari huo, Python itaamini tangazo na kusoma vibaya.

Alama ya mwanzo niliyoitaja ni baiti EF BB BF, ambazo ukizisoma vibaya ni *ï»¿*. Ziondoe. Kwenye skripti ya Linux hukaa mbele ya `#!` na mfumo hauitambui tena, na kwenye PHP hutoka nje kabla ya vichwa vya ukurasa.

Ili usirudi hapa, weka faili ya `.editorconfig` juu kabisa ya mradi:

`[*]`
`charset = utf-8`

Na kile kipimo cha `iconv` kiweke kwenye ukaguzi wa kila komiti, kikatae faili isiyo UTF-8. Mpangilio wa kubahatisha jedwali, `files.autoGuessEncoding` katika VS Code, uuache umezimwa. Ulifaa pengine wakati wa uchunguzi, lakini mradi ukishakuwa wa jedwali moja hakuna cha kubahatisha.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Kama faili zenye � hazina nakala nzima popote, *d�j�* itajazwa na mtu anayesoma Kifaransa, akiwa na msimbo mbele yake, na kwa Kirusi na Kijapani usijaribu kukisia hata herufi moja. Ujumbe unaohusu kipimo, fedha au onyo la hatari usipelekwe kwa watumiaji mpaka mtu huyo ausome. Kama programu iliendeshwa siku hizi mbili tatu na kuandika kwenye hifadhidata, mwite anayeisimamia sasa hivi, kabla nakala rudufu za zamani hazijafutwa na mpya zenye madude ndani yake.

Na kaa na mwenzako, mezani pamoja kama inawezekana. Fungueni faili moja kwenye kompyuta zote mbili na muendeshe `xxd njia/faili.c | head -20`. Baiti zikilingana huku skrini zikitofautiana, tatizo liko kwenye mpangilio wa kihariri cha mmoja wenu. Zikitofautiana, faili si moja, na mtafute ni komiti ipi iliyowatenganisha. Anzeni na ile ya 表: kwa sasa ndiyo inayobadilisha kazi ya programu, nyingine zote zinabadilisha maneno tu.